Kumfuata kindi mwekundu Arabuko-Sokoke

Malindi ukisema unatafuta kindi, utapelekwa chini ya mwembe wa hoteli. Nilipelekwa, nikatozwa shilingi mia tano, na nilichoonyeshwa ni kindi wa vichakani, mgongo wa kahawia ya manjano, tumbo limepauka. Huyo amejaa tele. Niliyemfuata kutoka Lamu ni kindi mwekundu, Paraxerus palliatus: mgongo wa kijivu ulionyunyiziwa weusi, ila uso, tumbo, miguu na mkia ni wekundu wa kutu. Ukiuona mkia, ubishi umekwisha.

Kindi huyu ni wa misitu ya pwani, kuanzia kusini mwa Somalia hadi KwaZulu-Natal. Kwa aliye Malindi njia ya karibu ni msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa Gede, kilomita zipatazo 16 kusini. Bodaboda alinidai nauli ya Watamu, mji ulio mbele zaidi, kwa mwendo ambao chai isingepoa kabla hujafika.

Msitu una sehemu tatu na si zote zitakufaa. Kwenye mchanga mweupe kuna miti ya mirihi, imeachana, mwanga tele. Kwenye udongo mwekundu magharibi ni vichaka vilivyosongamana, na mvua ikinyesha gari hunasa. Msitu mchanganyiko wa mashariki ndio wenye miti ya mibambakofi, na huko ndiko mzee aliyenitembeza alikonisimamisha.

"Usimtafute kwa macho, mwanangu. Msikilize."

Nenda alfajiri, jua likipanda kindi hujificha. Akishtuka hupiga mlio mkavu wa haraka huku mkia ukirukaruka, na akimwona nyoka huweza kukazana hivyo kwa muda mrefu. Kosa la wengi ni kukimbilia mlio. Yeye huzunguka nyuma ya shina, nawe ukizunguka, anazunguka tena. Dawa yake ni watu wawili: mmoja abaki hapo alipo, mwingine apite polepole upande wa pili, kindi atajisogeza mwenyewe mbele ya yule aliyetulia. Darubini iwe tayari shingoni. Ukianza kufungua zipu ya begi, amekwenda.

Wetu alijitokeza kwenye tawi lenye ganda la mbambakofi. Ganda hilo ni gumu kama mti wenyewe, na likikomaa hupasuka katikati, ndani mna mbegu nyeusi tii zilizovikwa kofia ya rangi ya chungwa. Alichomoa moja, akaigeuza kwa mikono miwili, akaanza kuguguna kofia hiyo kwa meno ya mbele, vipande vikidondoka kwenye majani makavu. Kisha akashuka na mbegu mdomoni hadi chini, akafukua, akaitia, akaisukumia udongo kwa pua. Kindi hawa hufukia akiba moja moja, huku na kule, na isiyokumbukwa huweza kuota.

Lamu milango ya kuchonga ya mbambakofi tunaipita kutwa bila kuitazama, tukigombania bei ya fundi. Mti wenyewe sikuwahi kuuona umesimama. Kwetu mbao hufika zimekwisha pasuliwa, na mti tunaoujua ukiwa hai ni mkoko.

Mzee alipokea haki yake bila kulalamika, na aliistahili. Matatu ya kurudi ndiyo iliyonikera: nililipishwa nauli ya begi, na begi lenyewe nilikuwa nimelipakata.