Daftari Langu Lilipoitwa Ushahidi Barazani

Mwaka 1994 Ramadhani iliangukia miezi ya kaskazi, na sisi wa Langoni, hapa Lamu, tulikuwa tukitoka tarawehe tukikaa barazani kwa ami hadi daku ikaribie. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na sita, na tayari nilikuwa na jina la utani la "karani", kwa sababu ya kaunta buku nene yenye jalada gumu ambayo kwa karibu miaka mitatu nilikuwa nimeandika ndani yake kila kitabu nilichosoma na kila filamu niliyotazama. Kila ukurasa niliupigia mistari kwa rula: tarehe, jina, mahali, niliyekuwa naye, na mwisho safu pana ya maoni, ambayo nikiisoma leo naona haya, kwani mara nyingi niliandika "nzuri sana" nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Sikubagua. Riwaya za shule zilikaa bega kwa bega na filamu za kareti, na filamu za Kihindi zilizidi zote, kwa kuwa kibanda cha video kilichokuwa karibu nasi kilizileta kila wiki katika kanda zilizokwisha kuchoka kwa kuzungushwa. Mwenye kibanda aliandika majina kwa chaki ubaoni jinsi alivyoyasikia, nami niliyanakili jinsi alivyoyaandika. Hivyo Deewaar, filamu ya mwaka 1975, kwangu ilikuwa "Diwari", na Coolie, ya mwaka 1983, ilikuwa "Kuli". Hili la pili lilinivuruga baadaye, kwa sababu kurasa chache nyuma nilikuwa tayari nimeandika Kuli nyingine, riwaya ya Shafi Adam Shafi inayosimulia maisha ya wachukuzi wa bandarini Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948.

Usiku ninaoukumbuka, ubishi ulianzia kwenye namba. Mtu mmoja alitaja 786, ambayo ndiyo jumla ya herufi za Bismillahi yote kwa hesabu ya abjadi, inayoipa kila herufi ya Kiarabu namba yake, na mtoto wa ami akadakia kwamba hata Amitabh Bachchan alivaa beji ya namba hiyo katika filamu yake ya ukuli, nayo ikamkinga mpaka mwisho, asife kwa risasi. Ami, ambaye alisomesha Kurani chuoni asubuhi na hakupenda ijulikane sana kwamba ujanani aliingia sinema huko Mombasa, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kubisha: "Yule kuli mwenye beji alikufa. Alikufa mapajani mwa mamake."

Baraza ikagawanyika. Nahodha mmoja jirani yetu akawa upande wa ami, vijana wote wakawa upande wa pili, na ikakubaliwa kwamba atakayeshindwa atawanunulia wote kahawa na kashata, jambo ambalo ami alisisitiza kuwa ni takrima wala si kamari. Ndipo mtoto wa ami aliponigeukia: "Karani, leta daftari."

Nilikimbia nyumbani na kurudi nalo nikihema, nikiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vyema. Kwa miaka mitatu watu walikuwa wamelicheka, na sasa wazee walikuwa wakilisogezea taa ya kandili kama hati ya shamba. Nilifunua ukurasa wa "Diwari", nikasoma kwa sauti: "Kijana ni mchukuzi wa bandari ya Bombay. Mzee Rahim amweleza maana ya 786. Beji yazuia risasi. Mwisho beji yamwokoa tena. Nzuri sana."

Vijana walipiga kelele. Ami hakupiga. Aliniomba daftari, akaisoma mistari ile mwenyewe, kidole kikifuata neno kwa neno kama afanyavyo chuoni, kisha akainua uso.

"Mwanangu, hapa pa mwisho, uliona kwa mato yako au kwa mashikio yako?"

Hapo nilikumbuka. Umeme ulikatika usiku ule filamu ikiwa imebaki kidogo, tukatolewa nje, na njiani rafiki yangu mmoja, aliyedai kuwa aliwahi kuitazama, akanimalizia hadithi. Nilipofika nyumbani niliandika yote kwa kalamu moja, bila kutenga nilichoona na nilichoambiwa. Nilikiri mbele ya watu, masikio yakiniwaka.

Ami alieleza basi kwamba katika filamu ile beji humponyoka kijana wakati akikimbia, na aliyempiga risasi ni nduguye wa tumbo moja, askari polisi. Mtoto wa ami naye akashikilia kwamba yeye alimaanisha nyingine, ile ya mchukuzi wa stesheni ya treni, na nilipofunua ukurasa wa "Kuli" ya pili tukaikuta kweli, beji ile ile, namba ile ile, na huyu anapigwa risasi akapona. Hii nilikuwa nimeiona mpaka mwisho, na niliandika pia kwamba katika pigano moja picha inagandishwa kuonyesha mahali Bachchan alipoumizwa kweli wakati wa kuitengeneza, mwaka 1982. Kumbe wote wawili walisema kweli, kila mmoja juu ya kuli wake. Ami akahukumu kwamba kahawa atanunua shahidi. Nililipia vikombe saba na kashata zake, na pesa zile nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya sikukuu.

Kesho yake nilikaa na daftari tangu adhuhuri hadi alasiri nikilipitia kuanzia mwanzo, nikitia herufi M pembeni mwa kila nilichoona au kusoma mwenyewe na S kwa nilichosimuliwa. Ilinitisha kuona S zilivyokuwa nyingi. Kulikuwa na riwaya iliyong'oka kurasa za mwisho ambayo mwisho wake niliuokota darasani, na filamu mbili ambazo, nasema leo bila kuficha, sikupata kuziona hata mwanzo.

Nilikwama pahali pamoja tu. Katika orodha ya vitabu niliandika Utendi wa Mwana Kupona, ule aliomtungia bintiye mwaka 1858, lakini sikuwahi kuushika mkononi. Bibi yangu alikuwa akiusoma kwa moyo wakati akisuka ukili, nami nikiusikiliza tangu sijajua kuandika. Nilimpelekea ami ukurasa ule baada ya futari. Alicheka, akasema kwamba utendi mtu huupokea kwa sikio, na kwamba bibi ni mapokezi yanayotosha. Nikamuuliza basi nitie herufi gani. Alifikiri, akanirudishia kalamu, akaniambia nimwulize bibi mwenyewe.

Bibi alinitaka nimsomee nilichoandika kwenye safu ya maoni. Ilikuwa "nzuri sana", yenye mistari miwili chini. Akauliza kama ndiyo hayo tu.