Ng'ombe Aliyeogopa Koti la Mvua

Nilimnunua ng'ombe huyu mwezi wa tatu, wakati mvua za Rungwe hazimpi mtu nafasi hata ya kuanika kitambaa. Alikuwa chotara wa uzao wa kwanza, mwenye ndama wa wiki tatu, na bei yake ilikuwa chini kuliko ya ng'ombe wengine wa umri wake. Sababu niliijua asubuhi ya kwanza. Nilipoingia bandani na ndoo, mapaja yalimtetemeka, akakojoa, na kabla sijachuchumaa vizuri alipiga teke lililoirusha ndoo hadi kwenye hori. Maziwa niliyopata hayakujaza kikombe.

Majirani walinishauri nimfunge miguu ya nyuma kwa kamba na kumchapa kila anapojaribu kurusha teke, kwa kuwa ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa na wazee. Nilifanya hivyo siku nne, na ninasikitika kwamba nilifanya. Kamba ilizuia miguu, lakini maziwa hayakuja. Ng'ombe hashushi maziwa kwa kuvutwa chuchu peke yake; kiwele kinapoguswa, ubongo hutoa homoni iitwayo oksitosini, ambayo husafiri kwenye damu na kuvikaza vifuko vidogo vya maziwa ndani ya kiwele. Mnyama aliyeshikwa na hofu hutoa adrenalini, nayo huzuia kazi hiyo. Kwa hiyo kila fimbo niliyompiga ilikuwa inayafungia maziwa yale yale niliyokuwa nayatafuta.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na chuoni nilisoma saikolojia ya elimu. Nilikariri nadharia za kujifunza, nikajibu mtihani, nikafaulu. Jioni ya siku ya nne nilifungua daftari langu la zamani, safari hii nikiwa na swali la kweli mkononi: ng'ombe huyu alijifunza nini kabla hajafika kwangu, na alijifunzaje?

Jibu lilianza na bibi mmoja jirani, aliyekuja kuazima jembe. Aliingia bandani akiwa amejitanda khanga, akampapasa ng'ombe hadi kwenye kiwele, na ng'ombe akaendelea kucheua. "Mwalimu," aliniambia, "mbona kwangu ametulia?" Nilijitazama. Nilikuwa nimevaa mabuti na koti la mvua la njano, lile la nailoni linalochakarika mtu anapotembea.

Niliamua kuvitenganisha vitu hivyo kimoja kimoja. Siku ya kwanza niliingia na mabuti tu, hakujali. Siku ya pili niliingia bila mabuti, nikaitikisa ndoo tupu. Aliacha kutafuna, masikio yakaelekea nyuma, kisha baada ya muda akarudia majani yake. Siku ya tatu niliingia nikiwa nimevaa koti peke yake. Aliinua kichwa, akarudi nyuma hadi ukutani, na mapaja yakaanza kutetemeka kama asubuhi ile ya kwanza. Baadaye nilimwuliza kwa upole mtu aliyeniuzia, naye akakiri kwamba kijana aliyekuwa akimkamua huko alikuwa na koti la aina hiyo na mkono mwepesi wa fimbo.

Hapo ndipo Pavlov aliponiingia akilini. Mtaalamu huyo wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake kuhusu umeng'enyaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa hudondosha mate kwa sauti ambayo kwa asili haina uhusiano wowote na chakula, mradi sauti hiyo iwe imetangulia chakula mara nyingi. Mwaka 1920, wanasaikolojia Watson na Rayner wa Marekani walionyesha kwamba hofu nayo hujengeka hivyo hivyo. Walimwonyesha mtoto mchanga aliyeitwa Albert panya mweupe, huku wakigonga chuma kwa nguvu nyuma yake, hadi akawa analia kwa kumwona panya tu. Hofu hiyo ilienea hadi kwa sungura na hata koti la manyoya. Sijawahi kukubali kwamba ilikuwa haki kumtendea mtoto hivyo, lakini matokeo yake yalinieleza kwa nini asubuhi ile ya kwanza ng'ombe wangu alimwogopa mtu ambaye hakuwa bado amemkosea lolote.

Kulikuwa na jambo la pili, ambalo lilinichukua muda zaidi kuliona. Teke lenyewe halikuwa hofu tu. Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewafungia paka ndani ya masanduku yenye komeo mwaka 1898, aliona kwamba tendo linalofuatwa na matokeo ya kuridhisha huelekea kurudiwa. Kwa ng'ombe wangu, matokeo ya kuridhisha yalikuwa mimi kuruka pembeni. Kila teke lilileta nafuu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiilipa. Kwa hiyo nilikuwa na kazi mbili tofauti, na kila moja ilidai dawa yake.

Kwa hofu nilifuata mfano wa mwanasaikolojia Mary Cover Jones, ambaye mwaka 1924 alieleza jinsi mtoto Peter, aliyekuwa na umri wa karibu miaka mitatu, alivyoondolewa hofu ya sungura kwa kumsogeza sungura kidogo kidogo wakati mtoto akila chakula anachokipenda. Nilitundika koti kwenye mgomba, hatua kama kumi na tano kutoka bandani, ndipo nikamwekea pumba. Kipimo changu kilikuwa taya: akitafuna bila kusita, kesho yake koti lilisogea hatua moja, akisita, lilirudi nyuma mbili. Siku ya kumi na mbili lilikuwa limening'inia kwenye nguzo ya banda, naye alikuwa anakula chini yake. Ndoo ilifuata njia hiyo hiyo, na ilikwenda haraka zaidi.

Kwa teke nilitumia kiganja. Niliweka mkono pajani mwake, na akiinua mguu sikumpiga wala sikukimbia. Mkono ulibaki pale pale hadi mguu uliposhuka, ndipo nikauondoa. Nafuu sasa ilikuja kwa kutulia. Siku za mwanzo kiganja kilirushwa huku na huko, na nilibaki na alama ya kwato kwenye mkono.

Wiki ya nne, asubuhi yenye ukungu mzito, kijana anayenisaidia alichelewa shuleni, akataka kumaliza kazi upesi, akamchapa fimbo mbili akiwa amevaa koti lile. Jioni ng'ombe alikuwa ukutani tena. Sikumgombeza kijana. Nilimketisha, nikamsimulia habari za Peter, ambaye katikati ya kazi ile aliugua, akalazwa karibu miezi miwili, na alipokuwa akitoka hospitali alirukiwa na mbwa mkubwa. Hofu yake yote ikarudi, ikabidi waanze upya. "Kwa hiyo tunarudi kwenye mgomba, Mwalimu?" aliniuliza. Tulirudi, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisogeza koti kila asubuhi.

Mwisho wa mwezi wa tano nilikuwa nakamua lita sita asubuhi bila kamba, nikazipeleka kwenye kituo cha kukusanyia maziwa pamoja na wenzangu.

Mwaka uliofuata tulimkausha, yaani tuliacha kumkamua, miezi miwili kabla ya kuzaa tena. Asubuhi ya kwanza ya kukamua alipoliona koti aliacha kutafuna na masikio yakalala nyuma, ingawa kwa mwaka karibu mzima hakuwa amefanya hivyo. Pavlov alikwisha kuliona jambo hili kwa mbwa wake: mwitiko uliozimwa unaweza kurejea wenyewe baada ya mapumziko, maana mafunzo ya kwanza hayafutiki. Nililipeleka koti kwenye mgomba bila kubishana naye. Safari hii ilichukua siku nne tu. Siku ya tano, nilipokuwa bado naisuuza ndoo nje ya banda, bati likigonga jiwe, nilichungulia ndani nikaona maziwa yameanza kudondoka yenyewe kwenye chuchu za mbele.