Sifa zilivyonikwamisha kuandika

Wapo waandishi waliokwama baada ya kusemwa vibaya. Mimi nilikwama baada ya kusifiwa. Hadithi yangu fupi ilichapishwa, waliosoma wakaipenda, na mmoja akaniuliza, bila ubaya wowote, "Ya pili inatoka lini?" Nikajibu kwa kujiamini, "Karibuni." Karibuni hiyo ilidumu miezi minane.

Hadithi ya kuandika nilikuwa nayo. Mwanamke anarudi kwa mama yake baada ya miaka mingi na kulikuta lile sanduku ambalo utotoni hakuruhusiwa hata kuliegemea. Niliijua tangu mwanzo hadi mwisho. Tatizo ni kwamba nikikaa tu, naandika sentensi ya kwanza, naisoma, naifuta. Siku moja nilihesabu nikakuta nimeiandika sentensi hiyo mara 17. Ya 17 haikutofautiana na ya tatu.

Leo naelewa nilichokuwa nakifanya. Kuandika ni kazi moja na kuhariri ni nyingine, nami nilizifanya zote kwa pamoja: mkono huu unajenga, ule unabomoa. Isitoshe, pembeni nilikuwa nimemkalisha yule muulizaji wa "inatoka lini", nikimkagua uso kila baada ya neno. Masikini, yeye alikwisha sahau hata kama aliuliza.

Nilijaribu dawa za kila aina. Nilinunua daftari jipya. Nilipanga meza upya. Kisha nikajitumbukiza katika "utafiti", na kwa kweli hiyo ndiyo njia tamu kuliko zote ya kukwepa kuandika, maana jioni unalala ukijiona umefanya kazi. Nilijifunza habari za makufuli na aina za mbao mpaka ningeweza kuuza masanduku. Ukurasa ulibaki mweupe.

Chini ya hayo yote palikuwa na wazo moja nisilopenda kulitamka: ile hadithi ya kwanza ilikuwa bahati tu, na nikiandika ya pili watanigundua. Nilipokuja kujua kwamba hofu hiyo ina jina lake katika saikolojia, kwa Kiingereza "impostor phenomenon", yaani hali ya kujiona laghai, na kwamba Pauline Clance na Suzanne Imes wa Marekani waliiandikia makala mwaka 1978 kutokana na wanawake waliofanikiwa lakini wakaamini wamewadanganya watu, nilipumua kidogo. Kidogo tu. Kulijua jina la ugonjwa si kupona.

Kilichonigusa zaidi ni shajara ya John Steinbeck, mwandishi maarufu wa riwaya wa Marekani. Mwaka 1938, kati ya Mei na Oktoba, aliandika riwaya iliyokuja kumpatia Tuzo ya Pulitzer mwaka 1940, na kila siku ya kazi alikuwa akiandika pia shajara. Humo analalamika kwamba hana uwezo, kwamba yeye si mwandishi. Mwanzoni nilikasirika: huyo ni Steinbeck bwana, anadeka! Lakini nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Siku analalamika, siku hiyohiyo anaandika kurasa zake. Hakungoja shaka imwondokee kwanza. Mimi nilikuwa nimekaa miezi minane naingoja ihame, kama mpangaji aliyepewa notisi.

Hata hivyo sikuinuka nikaandika. Aliyenikwamua ni rafiki yangu, tena bila kukusudia. Usiku mmoja nilimtumia ujumbe wa sauti wa dakika 11 nikimlalamikia hadithi isiyoandikika. Ili aelewe ugumu wake, ikabidi nimsimulie: binti anafika, mama hamwangalii usoni, sanduku liko palepale, juu yake kumepangwa vyombo ili lisionekane kuwa ni sanduku. Akanijibu kwa maandishi: "Sasa si umeshaiandika, dada? Inakili."

Nilikaa nikajisikiliza. Ile habari ya vyombo juu ya sanduku sikuwahi kuifikiria kabla, ilizuka mdomoni. Nilinakili kila kitu, na kigugumizi changu, na "yaani" zisizohesabika. Yakatoka maneno zaidi ya elfu moja. Mabaya mengi. Lakini maneno mabaya unaweza kuyahariri, na ukurasa mtupu utauhariri nini?

Tangu hapo asubuhi naweka saa dakika 25, nafunika kioo cha kompyuta kwa taulo, naandika bila kuona. Msinicheke. Nisichokiona siwezi kukifuta. Nikikwama, naandika palepale "hapa sijui", naendelea. Kuhariri nakufanya mchana, taulo likiwa limeondoka. Jambo jingine nimelichukua kwa Ernest Hemingway, mwandishi mwingine wa Marekani, aliyeshauri mtu aache kuandika wakati bado anajua kinachofuata. Mimi nimelizidisha kidogo: naacha katikati ya sentensi. Kesho yake sianzi, namalizia tu.

Nilijikwaa tena mara moja. Rasimu ilipofika nusu, tamaa ya kusifiwa ikanishika, nikampa mtu asome. Akasema ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi. Wiki mbili sikugusa kitu. Huyo hakukosea, kwa kuwa nilimpa unga nikamuuliza mkate una ladha gani. Siku hizi rasimu haitoki kwangu kabla haijafika mwisho, hata kwa yule rafiki wa ujumbe wa sauti, ingawa analalamika.

Shaka haijaondoka. Inakuja karibu kila asubuhi, mara nyingi kabla ya dakika ya tano, inauliza maswali yaleyale. Nimezoea kuiandikia mstari mmoja pembeni, "leo naona sijui kitu," halafu narudi kwa binti na mama yake. Nimebakiza kurasa kama sita. Jana saa ililia mama akiwa ameshaondoa vyombo, amepiga magoti, amekishika kifuniko kwa mikono yote miwili, na sentensi ikaishia hivi: "Ndani yake mlikuwa na"