Fedha iliyomo kwenye droo si yangu yote

Kariakoo neno mali kauli halihitaji kufafanuliwa: mwenye duka la jumla humkabidhi machinga bidhaa bila kupokea senti, na jioni au mwisho wa wiki machinga hurudi ama na fedha ama na mali yenyewe. Duka langu la Sinza linaendeshwa kwa mali kauli iliyogeuzwa, kwa kuwa anayenikopesha si tajiri wa jumla bali ni mama wa mtaa wa pili mwenye gauni la sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, alilolivaa mara moja, ambalo limekaa kabatini miaka miwili huku picha zake zikiwa zimeshaonwa na ukoo mzima. Analileta, ninaliuza, ninachukua kamisheni yangu na kumpa kilicho chake.

Sikuanzia hapo. Mwaka 2017 nilikuwa nauza mitumba ya kawaida, nikinunua belo za kilo 45 Ilala karibu na soko la Karume na kuzifungulia barazani nyumbani. Huo ulikuwa wakati wa mashaka, maana mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa wamekubaliana kwamba uingizaji wa mitumba ukome hatua kwa hatua ifikapo 2019, na kila mwenye belo ndani alikuwa akijiuliza kama anafuga biashara inayokufa. Hatimaye Tanzania haikuzuia. Rwanda ndiyo iliyoshikilia ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, kwa nguo zinazotoka huko. Kilichonitoa kwenye belo, hata hivyo, hakikuwa siasa. Belo hununuliwa ikiwa imefungwa, nami niliwahi kufungua moja ya magauni nikakuta karibu nusu yake zipu zimekufa. Zaidi ya hapo, wateja waliendelea kuniuliza vitu ambavyo belo haina: magauni ya kicheni pati yaliyoshonwa na mafundi wetu, vitenge vya nta, kanzu za harusini, suti za wasimamizi wa arusi. Vitu hivyo vilikuwemo makabatini mwa watu kilomita mbili kutoka nilipokuwa nimekaa.

Nilifungua duka Machi 2019. Fremu ilikuwa ya shilingi 300,000 kwa mwezi, ikilipwa kwa miezi sita, hivyo 1,800,000 zilitoka siku moja, na dalali akachukua ya mwezi mmoja juu yake. Henga, sanamu mbili za kuvalisha, kioo kirefu na pasi ya mvuke havikunitisha. Jina la biashara nilisajili BRELA, TIN, yaani namba ya mlipakodi, nikaichukua TRA, na leseni nikaiomba halmashauri, ingawa asubuhi nzima ya kwanza niliipoteza kwenye foleni ya Manispaa ya Kinondoni kwa kusahau kwamba Sinza siku hizi iko Ubungo.

Sasa nieleze kosa, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi hii ni kazi gani. Kwa miezi sita ya mwanzo niliweka mauzo yote kwenye droo moja na laini moja ya simu. Droo ilijaa, nikajiona nimefanikiwa. Septemba kodi ya pango ilipofika nilikuwa na 1,160,000 nilizoziita zangu, nikaongeza 640,000 kutoka kwenye droo nikijiambia kwamba nitazirudisha kwa mauzo ya wiki inayofuata. Mauzo ya wiki hiyo hayakuja. Jumamosi moja wakaja wenye mali watatu kwa pamoja, mmoja wao akiwa mama mtu mzima aliyekuwa ameleta vitenge kumi na viwili na ambaye nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba vyote vimekwisha. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaniangalia nikipekua daftari, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kama huna, sema huna." Nilikopa kwenye kikoba chetu nikawalipa Jumatatu, nami nikaumeza mkopo huo kwa miezi minne.

Tangu hapo kila jioni, kabla sijafunga mlango, mauzo ya siku hugawanywa. Sehemu ya wenye mali huhamia kwenye laini ya pili ambayo sitembei nayo, na daftari kubwa la kaunta huandikwa mistari miwili kwa kila kitu: namba ya lebo, siku kilipoletwa, bei tuliyokubaliana, siku kilipouzwa, fungu langu, fungu lake, na saini anapochukua fedha. Daftari hilohilo lilinisaidia wakati wa makadirio ya kodi, kwa kuwa niliweza kuonyesha kwamba gauni lililouzwa 130,000 liliniingizia mimi 52,000 tu na kwamba 78,000 zilikuwa za mwenye gauni.

Mgawo wetu ni asilimia 60 kwa mwenye mali na 40 kwa duka. Wapo wanaoniona mnyonyaji, lakini wao hawalipi pango, umeme wa Luku, msichana wa dukani wala fundi wa kubadili zipu. Kitu hukaa siku 90. Kikifika siku ya 45 bila kuguswa ninashusha bei kwa robo bila kupiga simu ya kuomba ruhusa, jambo lililoandikwa kwenye karatasi ambayo kila mmoja anaweka saini pamoja na namba ya kitambulisho cha NIDA. Mwanzoni karatasi hiyo ilikuwa na sentensi tatu. Ilirefuka Januari 2022, soko la Karume lilipoungua usiku na watu niliokuwa nikinunua kwao belo wakaamkia majivu. Nilisimama katikati ya fremu yangu nikihesabu henga, nikatambua kwamba karibu kila kilichoning'inia pale kilikuwa cha mtu mwingine, na kwamba hatukuwahi kusema moto ukija nani anabeba hasara. Mwanasheria niliyemwendea aliniambia kwamba mbele ya Sheria ya Mikataba mimi ni wakala, si mmiliki, na akanishauri niyaandike yote yanayoweza kubishaniwa. Sasa karatasi inataja moto, wizi na maji, nami nalipia bima inayosema wazi kwamba inahusu pia mali ya watu wengine iliyo chini ya uangalizi wangu. Wakati wa kuitafuta bima hiyo ndipo nilipojua thamani ya kuandika bei tangu siku kitu kinapoletwa.

Kupokea mali ni kazi ngumu kuliko kuuza. Gauni nalipeleka mlangoni kwenye mwanga wa jua, kwa sababu taa ya dukani huficha. Naangalia makwapa kwanza, kisha zipu, kisha pindo la chini, mahali ambapo vumbi la ukumbi na visigino vya watu huacha alama. Mikoba ya ngozi bandia ninaikunja kidogo kwenye pembe, na ikitoa magamba nairudisha. Viatu vilinitia hasara kabla sijavielewa. Mteja mmoja alileta jozi ya viatu vya kiume vya Ulaya, vikiwa bado kwenye boksi, havijawahi kukanyaga chini. Vilikaa kwangu masika yote, na kijana aliyevijaribu Juni alipiga hatua nne kuelekea kwenye kioo akaacha vipande vya soli sakafuni kama makombo ya keki. Soli za aina ile huliwa na unyevu wa hewa hata zisipovaliwa, na unyevu ndicho kitu ambacho Dar haijawahi kupungukiwa. Siku hizi nabonyeza soli kwa kidole gumba, na kiatu kilichofichwa kabatini miaka mingi nakiogopa kuliko kilichovaliwa jana.

Simu na kompyuta sipokei kabisa, maana mali ya wizi ikikutwa dukani Kanuni ya Adhabu inanihusu mimi kabla haijamfikia aliyeileta. Nguo za ndani pia sigusi. TBS, shirika la viwango, imezikataza kwenye mitumba inayoingia nchini, na sioni kwa nini za mtaani kwetu ziwe na utaratibu mwingine.

Halafu kuna nguo za marehemu. Wazee wetu waliita mitumba "kafa Ulaya", wakiamini kwamba wenyewe wamekufa huko ndipo nguo zikaletwa huku, na pamoja na imani hiyo waliinunua wakaivaa kanisani na msikitini. Lakini mteja akihisi kwamba suti imetoka kwa aliyekufa Kinondoni, anairudisha kwenye henga kana kwamba imemchoma. Aliyekufa Ulaya haogopwi. Nimejaribu kubishana na jambo hilo nikashindwa, kwa hiyo naziomba familia zigawane nguo hizo zenyewe baada ya arobaini, na wengi hunielewa.

Bei ndiyo inayoleta maneno. "Dada, hili nimelishona kwa laki tatu na nusu," ataniambia mtu, naye anasema kweli, kwa kuwa lesi ilikuwa ghali na fundi alikuwa wa Kijitonyama. Tatizo ni kwamba anayelinunua hanunui lesi wala fundi, ananunua jioni moja ukumbini, na rangi ya sare ya sendofu ya ndugu yake ikiwa tofauti hata laki haitoi. Namwonyesha kwenye daftari magauni matano yanayofanana na la kwake na bei yalizouzwa. Wachache hulichukua gauni wakaondoka. Wengi hurudi nalo ndani ya mwezi.

Mwaka nao una mwendo wake. Januari, ada za shule zikipiga hodi, watu wanaleta tu na hakuna anayenunua. Kwaresma na Ramadhani arusi hupungua, na sehemu ya magauni inalala. Pasaka na Idi zikipita, wiki mbili hazitoshi kupiga pasi. Kwa hiyo magauni yanayoletwa Januari nayapangia siku 90 zinazofika mpaka kwenye msimu wenyewe, na yale yaliyoletwa Novemba nawaambia wenyewe mapema kwamba tumebakiwa na Desemba tu.

Kwenye laini ya pili kuna 54,000 za bibi mmoja aliyeleta mkoba na vitenge viwili mwaka juzi. Viliuzwa 90,000 ndani ya siku kumi na moja. Simu yake haipatikani, na kijana niliyemtuma mtaa aliouandika aliambiwa kwamba amehamia kwa mwanawe Kigamboni, nyumba haijulikani. Karatasi yetu inasema fedha isiyochukuliwa ndani ya mwaka inabaki kuwa ya duka. Mstari wake kwenye daftari bado hauna saini, na kila ninapofungua daftari jipya nauhamishia ukurasa wa kwanza.