Pauni 28 za wakili

Mwaka juzi niligongwa kwa nyuma kwenye kipilefti hapa Leicester, Uingereza, asubuhi ya manyunyu, nikikimbilia kumuogesha mzee wangu wa pili. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Siku gari halipo, na mimi kazini sipo. Kijana aliyenigonga aliteremka akaniomba radhi kabla sijafungua mlango. Bampa inaning'inia, buti halifungi. Nikajipoza: afadhali nina bima kubwa.

Gari walilitengeneza, sina neno. Ila kwanza nilitoa eksesi, ile sehemu ya gharama unayojilipia mwenyewe: pauni 250 walizopanga wao, na 150 nilizojiongezea kwa hiari siku ya kukata bima ili ada ishuke. Ujanja wangu huo ukanirudia. Siku sita sikufanya kazi, na kwetu siku usiyofanya hailipwi. Teksi za kumpeleka mtoto shule nazo zikala. Bima kubwa haigusi hata kimoja katika hivyo.

Jioni nikampigia shemeji, mume wa dada, anakaa Reading.

“Shem, ulitia tiki kwenye wakili?”

“Wakili wa nini? Mimi ndiye niliyegongwa.”

“Ndiyo maana ulimhitaji wewe.”

Nikafungua karatasi zangu. Kweli, palikuwa na kiboksi: bima ya gharama za kisheria, pauni 28 kwa mwaka. Zamani kampuni ziliruhusiwa kukuwekea tiki tayari, ukashtukia umeshalipa. Tangu Aprili 2016 imepigwa marufuku, lazima uitie mwenyewe. Nami nilikipita mbio, nikidhani ni njia nyingine ya kunikamua.

Basi nikaandika barua mwenyewe kwa bima ya yule kijana, kwa Kiingereza changu cha kuomba kazi. Miezi saba. Eksesi wakarudisha, mshahara wakalipa nusu, teksi wakasema risiti hazisomeki.

Mwaka uliofuata nilikaa na kikombe cha chai nikasoma ule mkataba hadi mwisho. Kumbe wakili huyu si wa kukutetea ukikosa. Kazi yake ni kumfuata aliyekukosea, akulipe vile ambavyo bima yako haikulipa. Gharama zake wanabeba mpaka pauni 100,000, lakini kwanza wanapima kesi: nafasi ya kushinda iwe angalau asilimia 51. Ikipungua hapo, wanakuacha. Na wakili ni wa kwao mpaka mambo yafike mahakamani. Hapo kanuni za nchi za mwaka 1990 zinakupa haki ya kuchagua wako.

Kilichonifanya nitie tiki ni shingo. Yangu iliuma wiki mbili nikanyamaza. Tangu tarehe 31 Mei 2021, hapa England na Wales, dai la maumivu ya ajali ya gari lisilozidi pauni 5,000 huwa ni la madai madogo, ile njia ya mahakama kwa kesi za fedha kidogo, na huko hata ukishinda, aliyeshindwa kwa kawaida halipi ada ya wakili wako. Unadai mwenyewe mtandaoni, au unakwenda kwa wale mawakili wa “usiposhinda hulipi”, ambao wanaweza kukata mpaka robo ya fidia yako. Ukiwa na hiyo bima, uliza kabisa kama inagusa madai madogo. Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, angalia pia kadi yako, maana baadhi wana mawakili wa ajali, na huna haja ya kulipia kitu kimoja mara mbili.

Shemeji yeye kila mwaka anatia tiki. Mwezi uliopita, kwenye maegesho ya dukani, alirudi nyuma akaparamia gari lililosimama. Akawapigia mawakili wake kwa mbwembwe zote. Wakamuuliza swali moja: nani alikuwa anarudi nyuma?

Dada anasema simu haikufika dakika mbili.