Kibaraza changu cha maboga na mabua

Hapa Saint Paul, Minnesota, Septemba ikielekea ukingoni, maboga huanza kujitokeza kwenye vibaraza vya watu, moja leo, matatu kesho, hadi mtaa mzima. Miaka ya mwanzo nilikuwa napita tu nikishangaa watu wanapamba nyumba kwa chakula. Watoto walipoanza shule wakawa wanauliza mbona kwetu hakuna kitu. Basi, ikabidi.

Nilijiwekea sharti moja: boga litakalokaa kibarazani kwangu lazima baadaye liingie sufuriani. Sharti hilo liliniondolea nusu ya maduka. Yale ya rangi ya chungwa yanayochongwa nyuso za kutisha kwa ajili ya Halloween, sikukuu ya Oktoba 31, ni makubwa na bei yake nafuu, lakini nyama yake ni maji na nyuzi tupu. Nikaenda kwa wakulima nje ya mji, nikakutana na aina inayoitwa Jarrahdale. Asili yake Australia, ila ukiliona utaapa limetoka Muheza: bapa, lina mifereji, ganda la kijivu linaloelekea samawati, na ndani njano iliyokolea. Nilichagua yenye kikonyo kikavu kilichoshika vizuri, maana kikonyo kikishang'oka boga huanza kuoza palepale. Kwa hiyo usilibebe kwa kikonyo, hata kama kinaonekana kimewekwa kwa kazi hiyo. Nyumbani niliyafuta kwa maji yenye jiki kidogo, nikayakausha, nikayapanga juu ya vipande vya mbao yasikae kwenye unyevu wa sakafu.

Nilipompigia mama simu na kumwambia nimenunua mabua ya mahindi, alikaa kimya kwanza.

"Mwanangu, na ng'ombe wa huko wanakula nini?"

Sikuwa na jibu. Lakini mabua ndiyo yanayobeba pambo lote. Nguzo mbili za kibaraza, kila moja na mzigo wake uliofungwa kwa kamba ya katani sehemu tatu, majani yakining'inia, na upepo ukipita unasikia ile sauti ya shamba lililovunwa. Chini yake niliweka marobota ya majani makavu ya ngano. Ukinunua, hakikisha si nyasi za malisho. Zile zina mbegu, na zikinyeshewa zinaota hapohapo mlangoni. Mishumaa sikutia kabisa. Mabua makavu na moto havikai pamoja, nikatumia taa ndogo za betri.

Maua ni krisanthemamu, ukoo mmoja na pareto. Wauzaji hutanguliza yaliyochanua kwa sababu yanavutia macho, lakini mimi nachukua yenye vitumba vilivyofumba, rangi ikichungulia tu, ndiyo yanayodumu wiki kadhaa. Mizizi yake imejaa kopo kiasi kwamba ukimwagilia juu maji yanateremka pembeni bila kuingia. Nazamisha kopo zima kwenye ndoo hadi mapovu yaishe.

Adui halisi ni kindi. Wa mjini hawana haya: wanatoboa boga mchana kweupe, wanakula mbegu na kukuacha unawatazama dirishani. Nilipaka mafuta ya kula yaliyochanganywa na pilipili ya unga. Kindi huusikia ukali wake, ndege hawausikii, kwa hiyo shorewanda wanaendelea kudonoa mabua kwa amani. Mvua ikinyesha inabidi upake upya.

Adui wa pili ni baridi. Usiku wa kwanza wa kuganda huweza kuingia mapema Oktoba. Umande wa barafu kidogo boga hulivumilia, lakini likiganda hadi ndani, jua likitoka linakuwa uji. Naangalia utabiri kila jioni; zikitajwa nyuzi chini ya sifuri nayafunika kwa mablanketi, zikishuka zaidi nayaingiza ndani. Majirani wazee bado wanasimulia dhoruba iliyoanza siku ya Halloween ya 1991, iliyomwaga zaidi ya sentimita 70 za theluji, kwa hiyo sijipi matumaini mengi na kalenda.

Siku ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, kibaraza kinakuwa kimebaki na mabua tu. Maboga yanapikwa kwa tui la nazi na iliki, yanayobaki nayakatakata na kuyagandisha. Majani ya ngano nayatandaza juu ya tuta la vitunguu saumu nilivyopanda Oktoba.