Nilivyotoka kwenye bodi na rangi za makopo mpaka kuupandisha Kilimanjaro kwenye Blender

Wadau mimi ni mchoraji wa Tingatinga, nimejifunzia pale Morogoro Stores Oysterbay, maisha yangu yote ni bodi na rangi za enamel, staili ile ile aliyoianzisha mzee Edward Tingatinga mwaka 1968. Kilimanjaro na pundamilia chini nachora hata nimefumba macho maana ndo watalii wanachonunua. Sasa akatokea mteja mmoja ana loji, anataka mlima wangu huo huo ila kamera iwe inaruka juu yake, aweke kwenye tv ya mapokezi. Nikamwambia hamna shida, nikaondoka moja kwa moja mpaka kwa mtoto wa dada yangu anayesoma kompyuta.

Dogo akasema "Anko danlodi Blender, programu ya kutengenezea picha na video za 3D, ya bure kabisa, haina cha kukraki wala nini." Haya. Bando likaishia hapo.

Kituko cha kwanza, video za mafunzo zote zinasema kuna nyongeza ya kutengeneza milima iko humo humo ndani, we weka tiki tu. Natafuta haipo. Kumbe kuanzia toleo la 4.2 nyongeza nyingi waliziondoa ndani ya programu, unazidanlodi pembeni, na hizo video ni za zamani. Kwahiyo kabla hujaangalia video yoyote cheki kwanza ni ya toleo gani, utaokoa bando.

Halafu ile nyongeza inatoa mlima wa kubuni, na mimi nautaka Kilimanjaro wenyewe, kilele cha Kibo huku cha Mawenzi kule. Dogo akanitafutia vipimo vya miinuko vya NASA, vya bure pia, ile kazi walioifanya Februari 2000 chombo cha Endeavour kikazunguka dunia kwa siku 11 kikiipima kwa rada. Kila baada ya mita kama 30 kuna namba ya urefu. Unaipata kama picha nyeusi na nyeupe, palipo peupe ndo juu. Unaiweka kwenye bapa, unalikatakata vipande vidogo vidogo, unaiambia programu ivute vipande juu kufuata weupe. Hapa kuweni makini, kila ukiongeza kiwango kimoja cha kukata vipande vinazidishwa kwa nne, kiwango cha 10 tayari ushapita milioni moja, na laptopu yangu ina RAM ya GB 8, ikawa inaganda halafu programu inajifunga yenyewe. Kilichoniokoa ni kwamba Blender inasevu yenyewe kila baada ya dakika 2, nenda File, Recover, Auto Save, kazi yako unaikuta.

Mlima ukapanda, ila una ngazi. Yaani mteremko mzima umekatwa matuta matuta kama shamba la Usambara. Nikadhani vipande havitoshi, nikaongeza, ngazi ndo zikazidi kuonekana vizuri. Shida ilikuwa kwenye ile picha, ilisevuliwa kwa biti 8, na biti 8 zina ngazi 256 tu za weusi kwenda weupe. Chukua kutoka tambarare ya Moshi mita kama 800 mpaka kileleni 5,895, gawa kwa 256, kila ngazi inakuwa mita 20! Tukarudi kwenye QGIS, programu ya ramani tuliyotolea ile picha, tukaitoa upya kwa biti 16, hapo zinakuwa 65,536, mteremko ukalala safi. Bado Kibo imechongoka, na mimi nimeichora miaka mingi najua Kibo ni bapa juu, ya kuchongoka ni Mawenzi. Dogo anabisha eti "Anko hizo data za NASA." Kwenye setingi za picha ilikuwa imewekwa sRGB, programu inaichukulia kama picha ya rangi inaikunja, ukiweka Non-Color inasoma namba kama zilivyo. Kibo ikakaa.

Ila kilichotaka kunitoa roho ni rangi. Tingatinga ni rangi, ukiniondolea hiyo unabaki na nini? Naweka njano yangu kali inatoka kama maziwa yameingia chai, nyekundu inapauka. Nikaongeza mwanga, ndo ikazidi kupauka. Kumbe kuna kitu kinaitwa View Transform kwenye Color Management, tangu toleo la 4.0 kinakuja kikiwa AgX, kazi yake ni kupoza mwanga mkali ili picha ifanane na ya kamera, kwa hiyo rangi kali zinasukumwa kwenye weupe. Kwa watu wa sinema sawa. Mimi nikaweka Standard. Na wanyama na miti nikawapa Emission, yaani rangi inayojiwakia yenyewe bila kutegemea jua, badala ya ile ya kawaida, maana kwetu pundamilia hana kivuli cha jua, rangi imelala flati. Mlima tu nikauachia jua la kawaida. Hapo ndo nikaiona kazi yangu kwenye kioo.

Mengine ya haraka haraka: miti usikopi kwa Shift+D, tumia Alt+D, migunga yote inatumia umbo moja laptopu inapumua. Mlima ukikatika ukisogea mbali, bonyeza N, nenda View, ongeza End, inakuja ikiwa mita 1000 tu. Na usirenda (yaani kutoa kazi iliyokamilika) video moja kwa moja, toa picha moja moja za PNG, umeme ukikatika (na utakatika) unaendelea ulipoishia.

Mawingu ndo yalinishinda, yale ya moshi ya humo humo kwenye programu feni ya laptopu inalia mpaka jirani anasikia. Nikachukua bodi nikayachora kwa brashi na madoa madoa yake, nikapiga picha na simu, dogo akatoa bakigraundi, tukayapachika juu ya Kibo. Mteja akaangalia, akasema mawingu ndo mazuri kuliko vyote, akamalizia hela iliyobaki.